Maisha ya Farrokh Bulsara na Wimbo wa Gitaa Moja

Wageni wanaokuja Mangapwani kulitazama shimo walimofichwa watumwa baada ya soko lao mjini kufungwa mwaka 1873, wengi wao hurejea mjini siku ile ile, na huko hushika njia ya Shangani kwenda kuulizia nyumba ya mtu mmoja. Tangu mwaka 2019 pana makumbusho yake huko. Dunia nzima humwita Freddie Mercury. Jina alilopewa na wazee wake ni Farrokh Bulsara, na alizaliwa hapa hapa Unguja.

Sababu ya kuandika maisha yake katika gazeti hili ni ubishi uliozuka katika kilabu yetu ya muziki. Kilabu ina gitaa moja la mbao, lisilotumia umeme. Baadhi ya wanafunzi wametaka kujifunza kuzipiga nyimbo za bendi ya Bwana huyu, iliyoitwa Queen, maana yake Malkia. Wenzao wakawacheka. Walisema nyimbo zile ni za magitaa ya umeme, ngoma kubwa na vipaza sauti vya kujaza uwanja wa mpira, na kuzipiga kwa gitaa moja ni kama kutaka kuvuta jahazi kwa uzi wa cherehani. Basi na tuyatazame maisha ya mwenyewe, kisha kila mtu aamue nani mwenye haki.

Farrokh alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946 katika hospitali ya Serikali mjini Unguja. Baba yake, Bwana Bomi Bulsara, na mama yake, Bibi Jer, walikuwa Waparsi, yaani watu ambao asili yao ya kale ni Uajemi, na ambao wazee wao walihamia Gujarat katika Bara Hindi wakaendelea huko na dini yao ya Zoroasta. Jina la ukoo latokana na mji wa Bulsar, ambao siku hizi huitwa Valsad. Bwana Bomi alikuwa mshika fedha wa Mahkama Kuu katika siku za serikali ya Waingereza. Baadaye alizaliwa mtoto wa pili, binti, akaitwa Kashmira.

Mji aliozaliwa Farrokh ulikuwa mji wa muziki. Ikhwani Safaa ilikwisha kuwapo tangu mwaka 1905. Bibi Siti binti Saad, aliyevuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kutia nyimbo za Kiswahili katika santuri, alifariki mwaka 1950, Farrokh akiwa mtoto wa miaka mitatu tu. Hatuwezi kudai kwamba kijana huyu alijifunza lolote kutoka kwao, na wanaodai hivyo hupenda kuzidisha chumvi. Hata hivyo, ni jambo la kupendeza kwamba yeye naye aliupata muziki wake kwa kwenda upande ule ule wa Bombay.

Alipokuwa na umri wa miaka 8 wazee wake walimpeleka skuli ya bweni ya St. Peter's, katika mji wa Panchgani, juu milimani, mbali na Bombay. Mtoto wa umri huo kutengwa na mama yake kwa bahari nzima si jambo jepesi. Tena alikuwa na meno manne ya ziada yaliyoyasukuma meno yake ya mbele yakachomoza, na wenzake wakamtungia jina la dhihaka kwa ajili hiyo. Meno hayo hakuyang'oa maisha yake yote, hata alipokuwa tajiri, kwa kuogopa kwamba sauti yake ingeharibika.

Huko Panchgani alifundishwa piano. Waliosoma naye walisimulia baadaye kwamba alikuwa na kipawa cha kuusikia wimbo katika redio, kisha akaenda kwenye piano akaupiga kama alivyousikia. Tunawaomba wasomaji waliweke akilini jambo hili. Wimbo wa redioni ulikuwa na waimbaji, ngoma, magitaa na matarumbeta, naye alikuwa na mikono miwili tu. Ilimbidi achague kipi akibakishe na kipi akiache. Alipopata miaka 12, yeye na wenzake wanne waliunda bendi ya skuli iliyoitwa The Hectics, na yeye ndiye mpiga piano. Wenzake walimwita Freddie, na jina hilo likamganda.

Alirudi Unguja mwaka 1963. Hakukaa sana, kwani mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, wazee wake walihamia Uingereza pamoja na watoto wao, wakapata nyumba Feltham, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Farrokh alikuwa na miaka 17. Alisoma sanaa huko Isleworth, kisha Ealing, akahitimu mwaka 1969 katika uchoraji wa matangazo na mapambo. Alifanya kazi ya kupakia mizigo hapo Heathrow, na pamoja na rafiki yake Roger Taylor akauza nguo kuukuu katika soko la Kensington. Twayataja haya kwa sababu wako wanafunzi wanaodhani kwamba mtu mashuhuri hushuka kutoka mbinguni na suti yake.

Taylor alikuwa mpiga ngoma katika bendi ndogo iliyoitwa Smile, pamoja na mpiga gitaa Brian May. Bendi hiyo ilipovunjika, Farrokh alijiunga nao mwaka 1970, naye ndiye aliyeshikilia kwamba jina liwe Queen. Wakati huo huo aliliacha jina la Bulsara akajiita Mercury. Mwaka 1971 akaja John Deacon, mpiga gitaa la besi, wakatimia wanne, na wakabaki hao hao wanne miaka yote. Nembo yao aliichora Farrokh mwenyewe kwa elimu aliyoipata Ealing: simba wawili, kaa mmoja na mahurulaini wawili, kwa kufuata nyota za kuzaliwa za wenzake na yake.

Hapana budi tuseme kidogo juu ya Brian May, maana bila yeye kisa chetu hakina mkono wa pili. Alipokuwa kijana wa skuli alitamani gitaa la umeme, lakini nyumbani kwao hapakuwa na fedha za kulinunulia. Mwaka 1963 yeye na baba yake, ambaye alikuwa fundi wa mambo ya umeme, wakaanza kulitengeneza wenyewe. Mti wa shingo yake ulitoka katika rafu kuukuu ya mahali pa kuotea moto. Springi zake zilitoka katika mashine ya pikipiki kuukuu. Vidoto vyeupe vinavyoonyesha mahali pa kuweka vidole vilikuwa vifungo vya lulu kutoka sanduku la mshono la mama yake. Gitaa hilo alilipiga katika santuri zote za Queen, tena hulipiga kwa sarafu badala ya kipande cha plastiki. Wenye kulalamika kwamba kilabu yetu haina vyombo wangefanya vyema kuisoma habari hii mara mbili.

Santuri ya kwanza ya Queen ilitoka mwaka 1973. Iliyowafanya wajulikane ulimwenguni ilikuwa ya nne, A Night at the Opera, ya mwaka 1975. Katika santuri hiyo mna nyimbo mbili alizotunga Farrokh kwenye piano, na hizo mbili ndizo tunazotaka kuzilinganisha.

Wa kwanza ni Bohemian Rhapsody, wimbo wa karibu dakika 6 wakati ambapo redio zilikuwa zikitaka nyimbo za dakika tatu. Sehemu yake ya katikati ni kama mchezo wa opera. Farrokh, May na Taylor waliimba tena na tena, sauti zao zikapandishwa juu ya nyingine, hata inasemekana katika mahali pengine zilifika 180. Katika sehemu hiyo limo neno la Kiarabu ambalo kila mtoto wa Unguja hulitamka kabla ya kula. Wimbo huu ulikaa wiki 9 katika nafasi ya kwanza Uingereza. Lakini angalia jambo la ajabu: wenyewe wanne hawakuweza kuiimba sehemu ile ya katikati mbele ya watu. Wanaume watatu hawawezi kuwa kwaya ya watu mia. Katika maonyesho walikuwa wakitoka jukwaani, ikapigwa kanda iliyonaswa, kisha wakarudi kumalizia. Wimbo ulikuwa mkubwa kuliko bendi yenyewe.

Wa pili ni Love of My Life, wimbo wa mtu anayemlalamikia mpenzi aliyemwacha. Huo nao, katika santuri, ulipambwa sana. Mna piano ya Farrokh, mna sauti yake iliyonaswa mara nyingi hata ikawa kama kundi zima, mna gitaa la umeme linalolia kama fidla, na mna kinubi. Kinubi alikipiga May, ambaye hakuwa mpigaji wa chombo hicho. Nyuzi zake zilikuwa zikilegea kila mara, kwa hiyo alikinasa fungu baada ya fungu, na vipande vikaunganishwa. Ulikuwa mzuri, lakini wakati ule haukutolewa katika sahani yake peke yake, na wengi waliununulia ule mwingine.

Sasa likaja swali lile lile la kilabu yetu: wimbo kama huu utapigwaje mbele ya watu? Hapakuwa na kinubi jukwaani, wala Farrokh hakuwa na makoo kumi. Wangeweza kutumia kanda kama walivyofanya kwa ule wa kwanza. Hawakufanya hivyo. May alikaa na gitaa la mbao, akaupanga wimbo upya.

Gitaa alilotumia lina nyuzi 12, zilizopangwa jozi jozi. Katika jozi nne za upande wa sauti nene, uzi mmoja ni mnene na mwenziwe ni mwembamba, sauti yake ni ile ile lakini ya juu zaidi. Jozi mbili za mwisho hulingana. Kwa hiyo ukigusa jozi moja husikia kama vyombo viwili, na gitaa moja huweza kujaza nafasi iliyoachwa na piano. Kisha akaushusha wimbo wote kwa nusu-hatua tatu. Katika santuri waanzia sauti ya F. Katika gitaa wapigwa katika D. Kila aliyeshika gitaa ajua kwamba katika D nyuzi nyingi huweza kuachwa wazi zikavuma zenyewe, ilhali F huvitesa vidole. Na mwimbaji anayeimba usiku baada ya usiku hupumzika kidogo wimbo ukishushwa.

Baada ya hapo ikawa kazi ya kuacha. Sauti za kundi ziliachwa. Kinubi kiliachwa. Mapambo mengi ya katikati, aliyoyatunga Farrokh kwa uangalifu mkubwa, yaliachwa pia. Kilichobaki ni sauti nene za chini, fungu la sauti za kati, na uimbaji wa mtu mmoja. Mtunzi mwingine angekasirika kuona jengo lake linavuliwa mapaa na mapambo. Farrokh hakukasirika, alivuta kiti akakaa kando ya May akaimba. Kwa maoni yetu hapo ndipo ulipoonekana ukubwa wake, kuliko katika nguo zake za kumeremeta ambazo ndizo watu huzikumbuka zaidi.

Na hapo jambo jipya likatokea, ambalo katika santuri halikuwapo. Nafasi iliyoachwa wazi na vyombo vilivyoondolewa ilijazwa na watu waliokuja kusikiliza. Walianza kuimba wao. Farrokh akawa ananyamaza, akiwaongoza kwa mkono tu, May akipiga gitaa, na maelfu ya watu wakiuimba wimbo kwa pamoja. Namna hiyo ya gitaa ilitolewa katika santuri ya maonyesho yao mwaka 1979, na ikapendwa sana Amerika ya Kusini. Queen walipokwenda São Paulo mwaka 1981 waliimba mbele ya zaidi ya watu 100,000 kwa usiku mmoja, na watu wale, ambao lugha yao ni Kireno, waliuimba kwa Kiingereza. Mwaka 1985, mjini Rio de Janeiro, ikawa hivyo tena. Wimbo uliopunguzwa ukawa na kwaya kubwa kuliko ule uliopandishwa sauti 180.

Farrokh mwenyewe hakuwa fundi wa gitaa, naye alilikubali hilo bila haya. Mwaka 1979, akiwa katika hoteli mjini Munich, alitunga wimbo Crazy Little Thing Called Love kwa dakika chache tu, inasemekana akiwa anaoga. Aliutunga kwa gitaa, na kwa kuwa alijua mafungu machache ya sauti, wimbo ukawa mwepesi wala haukuweza kuzunguka huku na huko. Yeye aliona kwamba uchache huo wa ujuzi ulimsaidia kujizuia. Wimbo huo ulifika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1980, na jukwaani alikuwa akiupiga kwa mkono wake mwenyewe.

Tarehe 13 Julai 1985 yalifanyika maonyesho makubwa ya Live Aid kuwachangia watu wa Ethiopia waliokuwa katika njaa. Katika uwanja wa Wembley, London, walikuwapo watu wapatao 72,000, na mamilioni wengine walitazama katika televisheni. Queen walipewa dakika 20 hivi, na hadi leo wako wengi wanaosema kwamba siku ile hapakuwa na aliyewashinda. Lakini watu husahau kwamba usiku ule Farrokh na May walirudi jukwaani, wawili tu. Walikuwa na gitaa moja la mbao. Waliimba Is This the World We Created…?, wimbo walioutunga kwa ajili ya santuri yao ya mwaka 1984, baada ya kutazama khabari za umasikini katika Afrika. Uwanja uliokuwa ukitikisika mchana ukanyamaza kumsikiliza kijana wa Unguja akiiombea Afrika kwa gitaa moja.

Miaka yake ya mwisho twaipita kwa haraka, maana ilikuwa michache. Alipendelea opera tangu zamani, na mwaka 1988 alitoa santuri ya Barcelona pamoja na mwimbaji mashuhuri wa Uhispania, Bibi Montserrat Caballé. Wakati huo alikwisha kujua kwamba ana UKIMWI, maradhi ambayo siku hizo hayakuwa na dawa kama zilizopo leo. Aliificha siri yake akaendelea kufanya kazi. Mwaka 1991, hali hawezi kusimama kwa muda mrefu, alikwenda Montreux, Uswisi, akanasa sauti yake kadiri alivyoweza ili wenziwe wamalizie nyimbo atakapokuwa hayupo. Tarehe 23 Novemba alitangaza maradhi yake kwa watu wote. Siku ya pili yake, tarehe 24 Novemba 1991, akafariki nyumbani kwake Kensington, London, akiwa na miaka 45. Mazishi yake yaliongozwa na makasisi wa dini ya wazee wake.

Nyimbo zake hazikuachwa ndani ya santuri. Edgar Cruz, mpiga gitaa wa Marekani, ameupanga Bohemian Rhapsody wote kwa gitaa moja bila mwimbaji, ule ule ambao Queen wanne waliushindwa bila kanda. Kidole gumba chachukua besi, vidole vingine vyachukua uimbaji, na sauti za kati hutiwa pale tu panapobaki kidole kisicho na kazi. Wala ufundi wa namna hii si mgeni Afrika. Mwaka 1952 Bwana Hugh Tracey alimkuta Mwenda Jean Bosco katika mji wa Jadotville, ambao sasa ni Likasi, Kongo, akipiga gitaa la mbao peke yake kwa kidole gumba na cha shahada, na anayesikiliza santuri zake bila kuambiwa hudhani wapigaji ni wawili. Naye aliimba kwa Kiswahili. Wanakilabu wakitaka mwalimu wa kuanzia, tungewashauri waanze na huyo, kisha waende kwa Farrokh.

Brian May bado huupiga Love of My Life katika maonyesho yake. Huja mbele ya jukwaa peke yake na gitaa la nyuzi 12, wenzake wote wakiwa wameondoka. Hapo Farrokh hayupo, na May si mwimbaji wa kulingana naye. Kwa hiyo watu ndio waimbao, vijana wengi wao wakiwa wamezaliwa baada ya mwaka 1991. Kuelekea mwisho, picha ya Farrokh huonekana katika pazia kubwa nyuma yake, akiimba mistari iliyobaki kwa sauti yake ya zamani, na yule mzee mwenye mvi humpigia gitaa kama alivyokuwa akimpigia zamani.

Kilabu ya muziki hukutana kila Alkhamisi baada ya sala ya Alasiri, katika darasa la mwisho upande wa baharini. Gitaa letu lina nyuzi 6, na mmoja wao, ule mwembamba kabisa, umekatika tangu muhula uliopita. Mzazi yeyote aendaye mjini, akiuona uzi huo dukani, twamwomba atununulie.